Gari la zamani la mbio lina bei yake, usiliuze kwa kilo

Wanunuzi wa vyuma chakavu siku hizi wanafika hadi Bura. Wanakuja na lori na mizani, wananunua mabati, pampu mbovu na vipande vya trekta, na wakiona gari lililolala chini ya mwarobaini wanauliza kama nalo linauzwa. Kwa magari mengi hakuna ubaya kuuza, kwani chuma ni chuma. Lakini yako magari machache ambayo kuyapima kwa kilo ni hasara kubwa, na mara nyingi mwenye kuulizwa ni mjane au mtoto wa marehemu. Aliyejua gari lile ni nini ameshatangulia mbele ya haki.

Chukua mfano mdogo. Gari dogo la milango miwili lina uzito wa kama kilo 1,000. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 40 kwa kilo, basi familia inapata shilingi 40,000. Kama gari hilo ni Datsun 240Z, hata likiwa halina injini, kuna watu Nairobi na Mombasa wanaolitafuta kwa bei ambayo haitajwi kwa kilo. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na jinsi ya kujua kama lile gari la mzee ni mali au ni mzigo.

Ninaposema gari la mbio sikusudii gari la mashindano peke yake. Nakusudia gari lililoundwa kwa ajili ya kasi na raha ya dereva, pamoja na yale magari ya kawaida yaliyojipatia jina katika mashindano.

Bei hushuka, kisha huinuka

Gari jipya huanza kupoteza thamani siku linapotoka dukani. Linaendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na likifika miaka 15 au 20 wengi huliita mkebe. Hapo ndipo magari mengi hufa. Yanang'olewa spea, yanagongwa, yanaachwa. Yakibaki machache, na kama aina hiyo ina jina, bei hugeuka na kuanza kupanda.

Kinachoipandisha ni mambo mawili yakikutana. Kwanza ni uhaba, kwani kiwanda hakitengenezi tena. Pili ni watu. Kijana aliyelitamani gari hilo akiwa shuleni amekuwa mtu mzima mwenye fedha, na sasa ananunua kile alichokikosa. Jambo moja likikosekana, bei haipandi. Gari nadra lisilotamaniwa na mtu ni gari nadra tu.

Duniani bei za juu kabisa zinatisha. Mwaka 2022 gari la Mercedes-Benz 300 SLR la mwaka 1955, ambalo aina yake yalitengenezwa mawili tu, liliuzwa kwa yuro milioni 135. Hilo halituhusu sisi. Linalotuhusu zaidi ni kwamba Januari 2020 Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Lilikuwa gari la kipekee, lililotunzwa kama yai, na asije mtu akadhani kila Datsun ina bei hiyo. Lakini linaonyesha kwamba gari la Kijapani ambalo zamani lilidharauliwa mbele ya magari ya Ulaya sasa limepata heshima yake.

Jina lilipatikana kwenye vumbi letu

Sehemu ya heshima hiyo ilitengenezwa hapa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Barabara zilikuwa za vumbi na tope, wanyama wakikatiza njia, na gari lililomaliza lilikuwa limethibitisha kwamba ni gari kweli.

Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Datsun 1600 SSS ilishinda mwaka 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka uliofuata akashinda tena na Datsun 240Z. Shekhar Mehta alishinda na 240Z mwaka 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 ilipata ushindi wake mwaka 1975, na ile ya milango miwili mwaka 1978. Toyota Celica ilitawala miaka ya 1984 hadi 1986. Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns.

Ukiisoma orodha hiyo utaelewa kwa nini Mkenya wa miaka 60 akiiona Datsun ya zamani macho humng'aa, na kwa nini kijana wa miaka 30 anasikia mlio wa Subaru na kugeuza shingo. Tangu mwaka 2003 kuna pia mashindano ya Safari kwa magari ya kale peke yake, na mara kadhaa msafara wake umefika huku pwani. Mashindano hayo yanahitaji magari, na magari yanahitaji spea. Ndiyo maana hata gamba tupu lina mnunuzi.

Mlango wa bandari umefungwa

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya Kenya hasa. Shirika la viwango, KEBS, linatumia kanuni inayojulikana kama KS 1515:2000. Kanuni hiyo haikubali gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Kwa mwaka 2025, maana yake ilikuwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtu akitaka Impreza ya mwaka 1998 hawezi tu kuiagiza Japani ishushwe Kilindini kama mtumba mwingine. Inambidi aitafute miongoni mwa zile zilizokwisha kuingia. Na zile nyingi zimegongwa au zimechezewa, zimefungwa tabo kubwa, zimekatwa springi, zimetobolewa bomba la moshi. Iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni chache, na hiyo ndiyo inayotafutwa. Kijana anayedhani anaongeza thamani kwa kubadilisha kila kitu mara nyingi anaipunguza.

Wakati huo huo Marekani sheria yao inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa hata kama halikutengenezwa kwa viwango vyao. Kila mwaka magari mapya ya Kijapani yanafika umri huo, kama Nissan Skyline GT-R, na wanunuzi wa huko wanayakimbilia. Bei zao husikika mpaka huku.

Vya kuangalia kabla ya kuuza au kununua

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa gari la zamani, daftari ni logibuku. Gari zuri lisilo na logibuku ni taabu kuliuza kwa bei ya haki, kwa sababu mnunuzi makini anaogopa kesi. Kwa hiyo cha kwanza ni kuitafuta, hata kama imo ndani ya sanduku la bibi.

Ukiipata, linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Injini ya asili ikiwa bado imo, bei ni nyingine. Kama injini iling'olewa lakini iko ghalani, usiitupe, iende pamoja na gari.

Angalia pia pleti. Namba zinazoishia na herufi, kama KAA 001A, zilianza mwaka 1989. Gari lenye herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho lilisajiliwa kabla ya hapo. Pleti hiyo ya zamani ni ushahidi wa umri, na wapenzi wa magari ya kale wanaithamini.

Kisha chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya bodi. Pale inapokataa kushika pamejazwa filla badala ya bati. Rangi mpya inayong'aa isikuhadae, maana rangi hununuliwa mjini kwa siku mbili, lakini sakafu iliyooza na chesisi iliyopinda ni kazi ya miezi. Kagua chini ya milango, chini ya mazulia na mahali betri inapokaa.

Vitu vidogo navyo vina bei: vikombe vya rimu, taa za asili, usukani, saa za dashibodi, redio ya zamani, kitabu cha mwongozo. Madalali wengine huomba "kale kataa tu" kama zawadi. Mara nyingine hicho kitaa ndicho alichokifuata.

Hali ya Bura

Bura si mji wa magari ya mbio, na sitaki kumdanganya mtu. Gari la heshima kwetu ni Land Cruiser na Land Rover, na kwa wazee ni Peugeot. Lakini mradi wa unyunyizaji ulipoanza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walikuja kutoka pande nyingi za Kenya, na wengine walikuja na magari yao. Kanuni nilizozieleza zinafaa pia kwa Land Rover za zamani, ambazo bei zake zimekuwa zikitazamwa kwa jicho jingine tangu kiwanda kilipoacha kutengeneza Defender ile ya asili mwaka 2016.

Hali ya hewa yetu ina faida moja ambayo wenzetu wa Mombasa na Lamu hawana. Huku hakuna chumvi ya bahari. Gari lililokaa karibu na ufuo kutu huanza kulila chini kabla mwenyewe hajajua. Gari lililokaa Bura huharibika juu: jua hupasua dashibodi, hukausha mipira ya milango, hunyonya rangi. Vitu hivyo hubadilishwa. Chesisi ikiwa nzima, fundi ana pa kuanzia.

Hasara zetu ni mbili. Ya kwanza ni mto. Tana ukifurika, kama mwishoni mwa mwaka 2023 na tena 2024, gari lililozama linaingia tope kwenye injini, giaboksi na nyaya. Lisitiwe ufunguo kabla fundi hajalikausha, na mwenye kuuza amwambie mnunuzi kwamba lilizama. Katika dini yetu kuficha aibu ya bidhaa hakuruhusiwi, na hapa aibu yenyewe itajitokeza kabla ya mwezi.

Ya pili ni umbali. Mnunuzi yuko Nairobi au Mombasa, na gari liko huku. Anayefika kwanza hutaja bei ya chini akijua huna mwingine. Dawa yake si ngumu. Piga picha za kutosha mchana, za chesisi na namba pia, umtumie jamaa unayemwamini mjini awaulize mafundi wawili au watatu wasiojuana. Usitume picha ya logibuku yote kwa mtu usiyemjua.

Mirathi, zaka na mkopo

Gari la marehemu ni mali ya warithi wote. Si la mtoto mkubwa aliye na ufunguo, wala la ami aliyelifunika turubai. Lithaminiwe na watu wawili wasio na maslahi, lihesabiwe pamoja na mifugo na shamba, kisha ndiyo ligawanywe thamani yake. Wasipoelewana, mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo. Na kumwandikisha mnunuzi kwa NTSA kunahitaji karatasi za mirathi zilizo sawa, kwa hiyo anayeharakisha kuuza kabla ya karatasi anauza kesi.

Kuhusu zaka, gari la kutumia mwenyewe halina zaka. Lakini ukilinunua kwa nia ya kuliuza upate faida, linakuwa bidhaa ya biashara, na wanazuoni wengi wanasema ukitimia mwaka lihesabiwe kwa bei ya soko na litolewe asilimia 2.5. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako.

La mwisho ni kwa vijana. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama inafaa kuuza ng'ombe kununua Subaru ya zamani, kwa kuwa "haishuki bei." Jibu langu ni hapana, kama ng'ombe hao ndio tegemeo. Ng'ombe huzaa. Gari la zamani halizai. Linakula spea, linakula fundi, na bei yake hupatikana tu siku atakapokuja mtu mmoja anayelitaka. Mbaya zaidi ni kuliwekea rehani logibuku kwa mkopo wa riba ili ulikarabati, kwa sababu mkopo haungoji soko.

Mwenye ziada na mwenye mapenzi anunue, atunze, afurahi. Na mwenye gari la mzee lililolala uani, alifunike, aitafute logibuku, aulize kwanza. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao waliyajua haya. Lori la vyuma chakavu litarudi tena mwezi ujao, wala halitakosa cha kununua.