Mvujo wa Maji na Mvujo wa Umeme

Apandaye kwa gari kutoka Muheza hadi Sigi, mlangoni mwa msitu wa Amani, huingia katika nchi ambayo hewa yake yenyewe ni nusu maji. Kwani juu kidogo, pale Amani ambapo Wajerumani waliasisi taasisi yao ya kilimo mwaka 1902, mvua ya mwaka hukaribia milimita 1,900. Gari liishilo huko halihitaji kuvuka mto uliofurika ndipo lipatwe na maradhi ya maji. Latosha kuegeshwa chini ya mti: majani huanguka, yakakusanyika katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakaoza na kuziba matundu ya kutolea maji, hata mvua inyeshapo maji yakakosa njia yake, yakaingilia tundu la hewa ya feni, yakashuka mpaka chini ya kapeti, na hapo yakatuama juma zima bila ya mwenye gari kuwa na habari.

Basi taa za breki zikiwaka pasipo kukanyagwa, au vioo vikikataa kupanda, fundi husema neno moja tu: shoti. Neno hili lina maskani yake katika lugha, wala sina nia ya kulifukuza. Illa hutumika kupita mipaka yake. Shoti kwa hakika ni pale umeme upatapo njia ya mkato, ukaenda kwa wingi na kwa ghafula, fyuzi ikakatika. Unyevu aghalabu haufanyi hivyo. Maji safi hasa ni mpitishaji dhaifu wa umeme. Kinachoyapa nguvu ni chumvi na taka yalizozoa njiani, na hata hivyo umeme upitao katika utando mwembamba wa maji hayo, kutoka pini moja ya soketi hadi ya pili, ni kidogo mno. Hautoshi kukata fyuzi, bali watosha kuidanganya kontroli boksi, ambayo hupokea habari kwa volti chache tu, na pengine watosha kuimaliza betri gari likiwa limelala.

Hali hii napendelea tuiite mvujo wa umeme. Wako wasemao “upotevu”, lakini kilichopotea hakijulikani kilipo, na umeme huu wajulikana uendako. Kuvuja ni kutoka pasipo njia ya halali, kidogo kidogo, kwa ufa usioonekana: paa huvuja, mtungi huvuja, na siri pia huvuja. Tena istilahi hii yakutanisha sababu na tokeo lake, madhali mvujo wa maji ndio uzaao mvujo wa umeme.

Umeme wa betri, kwa kuwa waenda upande mmoja daima, huila shaba ya pini chanya na kuigeuza ukoko wa kijani, ambao mafundi huuita kutu, na waachwe wauite hivyo, ijapokuwa kutu asili yake ni ya chuma. Ulaji huo huenda mbio maadamu betri imefungwa. Kwa hiyo adhaniaye ana shoti hubadili fyuzi, kisha akawasha gari apate kujaribu, naye azidisha madhara. Ajuaye kwamba ana mvujo huanza kwa kufungua waya hasi wa betri, akainua kapeti pamoja na sponji iliyo chini yake, akasafisha soketi kwa spiriti, akaziacha zikauke kwa hewa. Ndipo atafute yalikoingilia maji, akilimwagia gari kutoka chini kwenda juu, sehemu moja baada ya moja, na mwenzake amekaa ndani ameshika tochi.

Ikiwa kapeti limelowa wakati wa kiangazi, asisumbuke na raba za milango: aghalabu ni mpira wa kutolea maji ya AC ulioziba, na kuuzibua ni kazi ya dakika chache.