Visiwa Viwili vya Ziwa Bunyonyi



Mwaka jana kikundi cha kanisa kutoka hapa Ntinda kilifunga safari kwenda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa huduma ya juma moja. Kazi ilipokwisha, siku ya mwisho ilitengwa kwa matembezi katika Ziwa Bunyonyi, nami nilikuwa miongoni mwa wasafiri.

Ziwa hilo liko kwenye kimo cha mita 1,962 hivi juu ya usawa wa bahari. Inasemekana lilizaliwa kwa moto: zamani za kale lava ya volkano iliziba bonde, na maji yakajaa nyuma yake. Jina lake, kwa lugha ya wenyeji, lamaanisha mahali pa ndege wadogo wengi. Lina visiwa 29, na vilima vinavyolizunguka vimelimwa kwa matuta kutoka ukingoni hadi juu. Tuliingia mashuani tukiwa na furaha, kila mmoja na simu yake tayari kwa picha.

Kisiwa cha kwanza tulichooneshwa ni Akampene, ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Adhabu. Ni kijisiwa kidogo mno, chenye nyasi na mti. Hapana ukuta, hapana kaburi lenye alama. Katika Ziwa Titicaca, huko Amerika Kusini, kwenye kimo cha mita 3,812, Wainka waliacha magofu ya mawe katika Kisiwa cha Jua, na mgeni huyaona hata bila ya kiongozi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini Akampene, mwenye macho asipoambiwa haoni kitu.

Basi tukaambiwa. Zamani, miongoni mwa Wakiga, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa ameutia aibu ukoo na kuupotezea mahari. Alipakiwa mtumbwini, akaachwa pale bila chakula. Wengi hawakujua kuogelea. Wapo waliokufa kwa njaa na baridi, na wapo waliozama walipojaribu kuvuka. Mwokozi, kama alitokea, alikuwa mwanamume maskini asiye na mahari, aliyevuka kumchukua mke bila kulipa.

Mama mmoja mtu mzima katika kikundi chetu akamwuliza nahodha:

"Mwanangu, na wanaume waliowapa mimba walipelekwa kisiwa gani?"

"Wao walibaki nyumbani, mama," akajibu.

Simu zikateremshwa.

Kisiwa cha pili ni Bwama. Mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza wa misheni ya Kianglikana, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale na kuanzisha hospitali. Miaka kama kumi baadaye Bwama ikafanywa makazi ya wagonjwa wa ukoma, waliokuwa wakiogopwa na kutengwa vijijini. Huko walipata matibabu, nyumba, mashamba na kanisa. Baadaye dawa za kuuponya ukoma zikapatikana duniani, haja ya kuwatenga wagonjwa ikaondoka, na makazi yale yakafungwa. Leo kisiwa hicho kina shule ya sekondari.

Tulipokuwa tukirejea, wenzangu wengine waliisimulia siku ile kwa njia nyepesi: kisiwa kimoja cha giza la mila, kingine cha nuru ya misheni. Mimi naona tusiharakishe kuhukumu hivyo. Bwama nayo ilikuwa mahali pa kutenganishwa na jamii. Mgonjwa aliyevushwa huko aliacha mke, watoto na mifugo ng'ambo ya pili. Tofauti kubwa ni kwamba Bwama mtengwa alifuatwa, kwa chakula, dawa na jina lake, ilhali Akampene aligeuziwa kisogo. Historia hupima jamii kwa swali hilo: ilimtendea nini yule iliyemwogopa au kumwonea haya?

Wala tusiwaone wazee wa Akampene kuwa wanyama. Walikuwa wazazi walioitii sheria ya wakati wao, kwani mila ni sheria isiyoandikwa. Desturi ile ilikoma katika karne ya 20, na baadhi ya walionusurika waliishi hadi karne yetu hii, wakasimulia kwa vinywa vyao. Ushuhuda wao ndio gofu pekee lililosalia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 33, inapiga marufuku sheria, tamaduni na mila zinazovunja utu, ustawi au maslahi ya wanawake. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, katika mitaa yetu bado yupo binti anayefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba, kitabu chake kikifungwa siku hiyo hiyo, huku aliyempa mimba akilala kwao bila kuulizwa. Huyo hakupakiwa mtumbwini, lakini Akampene amekwisha kufikishwa.

Mkienda Bunyonyi, pigeni picha, kwa maana ziwa ni zuri kweli. Kisha mrudipo, kila mmoja atazame mtaani kwake nani ameachwa kisiwani, na nani anao mtumbwi wa kumfuata.