Nduli na Utamaduni: Taswira ya Idi Amin katika Vita vya Kagera

Katika propaganda za vita, mtawala adui aghalabu huvuliwa ubinadamu kwanza, kisha hushtakiwa kwa kuangamiza ustaarabu. Bango la Harry Ryle Hopps, lililochapishwa Marekani mwaka 1917, ni mfano mashuhuri: sokwe mwenye masharubu yanayokumbusha yale ya Kaiser Wilhelm II ameshika rungu lililoandikwa neno la Kijerumani lenye maana ya utamaduni. Afrika Mashariki ilipata taswira ya aina hiyo mwaka 1978, ila chombo chake kikuu hakikuwa brashi bali neno moja: nduli.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mnamo Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba watapigana. Tangu hapo, redioni na magazetini, jina la Amin lilitanguliwa mara kwa mara na neno nduli, yaani mtu katili anayeua bila huruma. Nguvu ya neno hilo ni ufupi wake: humchora adui kwa silabi mbili. Udhaifu wake nao umo humo humo. Nduli hana sera, hana ofisi wala makarani. Huua kwa silika tu.

Lakini uharibifu wa utamaduni nchini Uganda haukuwa wa silika. Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyeongoza Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Kampala, aliuawa mwaka 1977, baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Utawala uliowaandama watu kama hao ulitambua vyema nguvu ya elimu na ya jukwaa.

Isitoshe, ni Amin huyo huyo aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973. Lugha iliyombandika unduli ndiyo aliyoipandisha hadhi, na ndiyo raia wengi waliyoisikia vinywani mwa askari waliowatisha. Kinaya hiki hakikuweza kupata nafasi katika taswira ya nduli.

Kwa msomaji wa Eldoret, suala hili haliko mbali. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, kwa hoja kwamba ilikuwa ya Uganda kabla ya mipaka kubadilishwa mwaka 1902. Uasin Gishu ilikuwa ndani ya eneo hilo. Dai lenyewe lilitegemea historia ya mipaka ya kikoloni. Lilikuwa dai la mtu aliyejua kujenga hoja, hata kama hoja hiyo ilikuwa ya uchokozi.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani. Neno nduli lilitimiza kazi yake ya kuwahamasisha wapiganaji, na walioteswa walikuwa na haki ya kulitumia. Hata hivyo, mhakiki anayelirudia bila kulipima humpunguzia Amin hatia, kwa kuwa mnyama huwindwa, bali anayehukumiwa ni mwenye akili.