Ebola na Hofu ya Mipaka



Kila mara habari za Ebola zinaposikika redioni, swali la kwanza sokoni na kwenye vituo vya magari ni lile lile: ugonjwa umevuka? Umefika wapi? Swali hilo si la kijinga, kwa maana ugonjwa huu unaua, nao husafiri pamoja na watu. Hata hivyo historia yake, ambayo sehemu kubwa imepita katika nchi yetu, inatuonyesha kwamba wale walioutazama mpaka peke yake mara nyingi walitazama mahali pasipo penyewe.

Tuanzie Yambuku, misioni iliyo katika eneo la Bumba, mwaka 1976, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire. Mwishoni mwa Agosti mwalimu wa shule ya misioni alishikwa na homa, akadungwa sindano ya malaria katika hospitali iliyoongozwa na masista Wabelgiji. Kila asubuhi wauguzi wa hospitali hiyo walipewa sindano tano tu, nazo zilitumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine bila kuchemshwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipopata njia. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Kwa jumla waliugua watu 318, na 280 kati yao wakafariki.

Sista mmoja mgonjwa alipelekwa Kinshasa, akafia huko. Muuguzi kijana, Mkongo, aliyemhudumia akaambukizwa. Kabla ya kulazwa alikuwa amezunguka mjini, hata wizarani, akitafuta karatasi za kwenda masomoni ng'ambo. Hofu ikaushika mji mkuu wote: je, ugonjwa umekwisha kumwagika mitaani? Je, utapanda ndege? Wale waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja na kuangaliwa. Yeye mwenyewe alifariki, lakini miongoni mwao hakuna aliyeugua.

Wakati ule ule homa inayofanana nayo ilikuwa ikiua watu huko Nzara na Maridi, kusini mwa Sudan. Ilionekana wazi kwamba msafiri fulani ameibeba kutoka nchi moja hadi nyingine. Baadaye wataalamu waligundua kwamba virusi vya Sudan na vya Yambuku ni vya aina mbili tofauti. Kila mlipuko ulikuwa na chanzo chake, na yule msafiri aliyelaumiwa hakuwapo. Wataalamu hao walipotafuta jina la ugonjwa, waliepuka kuuita Yambuku ili kijiji kisibebe aibu kwa vizazi. Wakachukua jina la mto Ebola. Tangu mwanzo, basi, walijua kwamba hofu huweza kuwajeruhi hata watu wasio wagonjwa.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya Kikwit. Waliugua watu 315, na wapatao 250 wakafa. Wasafiri wa kwenda Kinshasa walizuiliwa barabarani. Lakini ndani ya mji masista sita wa shirika la Maskini wa Bergamo, waliokuwa wakiuguza wagonjwa, walifariki mmoja baada ya mwingine kwa muda wa mwezi mmoja hivi, pamoja na wauguzi wengi Wakongo. Kilichouzima moto huo hatimaye ni mambo yasiyo na fahari: glavu, maji na dawa ya kuua vijidudu, wagonjwa kutengwa, maziko ya uangalifu, na watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameamka na homa.

Twende sasa Afrika ya Magharibi. Mwishoni mwa 2013 ugonjwa ulianza katika kijiji cha Meliandou, nchini Guinea, ukatambuliwa tu mwezi wa Machi 2014. Miezi ile ya kutojua iligharimu sana: katika Guinea, Liberia na Sierra Leone waliugua watu zaidi ya 28,000, na zaidi ya 11,000 wakafa. Safari hii hofu ikaenea duniani kote. Safari za ndege zikakatwa. Moroko, ambako hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, ikakataa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 kwa tarehe zilizopangwa. Mashindano yakahamishiwa Guinea ya Ikweta, Guinea yenyewe ikashiriki, Leopards wetu wakarudi na nafasi ya tatu, wala Ebola haikuzuka kwa sababu ya mechi hizo. Mwaka huo wa 2014 ugonjwa ulizuka pia Boende, kwetu. Hapo tena ilikuwa rahisi kudhani kwamba umeletwa kutoka Magharibi, na hapo tena uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo chake kilikuwa hapa hapa.

Je, hofu ya kuvuka ilikuwa ya bure? Hapana. Mnamo Julai 2014 msafiri mgonjwa kutoka Liberia alitua Lagos, mji wa mamilioni ya watu. Daktari Stella Adadevoh alikataa kumruhusu atoke hospitalini, ingawa alishinikizwa sana. Waliokutana na mgonjwa wakafuatiliwa, mamia kwa mamia. Nchini Nigeria waliugua 20, wakafa 8, daktari huyo akiwa mmoja wao, na kabla ya mwisho wa Oktoba ugonjwa ukawa umekwisha. Mpaka wa Lagos haukuuzuia. Aliyeuzuia ni mtu aliyeutambua na kusimama imara karibu na kitanda cha mgonjwa.

Sisi wa mashariki tulilijua jambo hilo kwa miili yetu. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, waliugua watu 3,470, na 2,287 wakafariki. Tulinawa mikono kwenye milango ya makanisa, tukaacha kupeana mkono wa amani. Mnamo Juni 2019 familia moja ilivuka kwenda Kasese, Uganda. Watoto wawili na bibi yao wakafariki, lakini Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja maelfu ya watumishi wa afya, na huko hakuna mwingine aliyeambukizwa nao. Ugonjwa ulipofika Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache, kisha ikaufungua, maana maelfu hupita hapo kila siku kutafuta chakula cha jioni.

Pigo zito zaidi lilitoka kwa kutoaminiana. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao kwa miaka mingi kwa sababu ya vita waliuliza kwa nini dunia imekuja kwa ajili ya Ebola tu. Uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo, wengi walisema ugonjwa ni siasa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na Daktari Richard Mouzoko, kutoka Kameruni, akauawa Butembo akiwa kazini mwaka 2019. Wakati huo huo dawa mojawapo iliyookoa wagonjwa wetu ilitokana na kingamwili za damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, kazi aliyoshiriki Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa amefika Yambuku tangu 1976. Mgonjwa ambaye barabara zilifungwa kwa kumwogopa yeye na mji wake ndiye aliyekuja kuwa dawa ya wengine.

Siku nyingine tutausikia tena ugonjwa huu, na hatuwezi kuamriana tusiogope. Tunaweza kuchagua cha kufanya na hofu hiyo: kuuliza habari ya kweli kabla ya kuipeleka mbele, kukubali kufuatiliwa na kuchanjwa, na kumpokea aliyepona arudi kwenye benchi lake bila kunong'onezwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
Katika mtaa wetu, nani alikimbiwa wakati wa Ebola, na leo anaishije?
Uvumi ukianza kesho, tutamwuliza nani kwanza?