Mabomu yalianguka Bukoba, bunduki zikaishia Tarime

Oktoba 18, 1978, ndege za kivita za Uganda aina ya MiG ziliushambulia mji wa Bukoba. Mabomu hayakubomoa mengi, ila kishindo chake kilivunja vioo vya madirisha na kuzua taharuki mjini. Wakazi wa Kanda ya Ziwa walikwishaonja hayo Septemba 1972, ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, zilipoipiga Bukoba na Mwanza baada ya wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuivamia Uganda wakitokea Tanzania.

Safari hii mambo yaliendelea. Oktoba 30 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilometa za mraba 1,800 hivi, ni mali yake. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita.

Katika mapambano ya angani, mara nyingi shabaha ilipotea. Mwanzoni mwa Novemba, wapiga mizinga wa Tanzania mjini Musoma walizitungua ndege tatu zilizokuwa zikielekea Mwanza wakidhani ni za adui, kumbe ni za JWTZ. Machi 29, 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa na Muammar Gaddafi kumwokoa Amin, ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikayakosa, ikapiga hifadhi ya Saanane, ikaua wanyama kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Aprili 1, ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Siku kumi baadaye Kampala ilitekwa, na Juni 3 vita vikamalizika.

Tarime na Serengeti, wilaya za mkoani Mara, hazikuwa uwanja wa mapambano. Hata hivyo, wilaya hizo zilitoa askari wengi. Tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, vijana wa Kikurya wa huko walikuwa wakijiandikisha kwa wingi, na desturi hiyo ikaendelea baada ya Uhuru. Vita vilipolipuka, jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 liliongezewa polisi, magereza, JKT na mgambo. Baada ya ushindi wengi walirudi vijijini, na baadhi yao walirudi na silaha walizookota au kuzipora Uganda.

Wizi wa ng'ombe baina ya koo za Wakurya ulikuwapo zamani, kwa mikuki na mishale. Vijana walipata sifa, na mali ya kulipia mahari, ambayo huko ni ng'ombe wengi. Soko la nyama lililokua wakati wa ukoloni liliugeuza kuwa biashara, na mpaka wa Kenya ukairahisisha: ng'ombe akishavushwa upande wa pili, ambako pia wanaishi Wakurya, kumrudisha ni kazi. Bunduki ya kivita ilipoingia, watu wachache waliofunzwa jeshini waliweza kusomba zizi zima, na mwenye mshale hakuthubutu kufuata nyayo. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime miaka ya 1990, alieleza jinsi vita na wizi huo vilivyolishana: jeshi lilimpa kijana ujuzi, vita vikampa silaha.

Polisi waliposhindwa, wananchi walijipanga. Katikati ya miaka ya 1990, kupitia ritongo, baraza la jumuiya, vijiji vya Wakurya vilianzisha sungusungu, utaratibu ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wezi walitajwa hadharani na wakalazimishwa kulipa. Wizi ulipungua, ingawa mbinu zenyewe zilikuwa kali na zilizua malalamiko.

Serikali za ukanda huu zilikubaliana kisheria kuhusu silaha ndogondogo Aprili 2004, katika Itifaki ya Nairobi, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zote zilitia saini. Ilikuwa miaka 25 baada ya Kampala kuanguka. Gharama ya vita vya Kagera kwa kawaida huhesabiwa kwa fedha za serikali, wanajeshi waliokufa na raia waliouawa Kagera. Ng'ombe walioporwa na watu waliopigwa risasi Tarime na Serengeti katika miaka hiyo nao wanastahili kuingizwa kwenye hesabu hiyo.