Mchango Unaotangulia Ugonjwa

Familia za Mbagala, Tandika au Bunju, jijini Dar es Salaam, zinajua sana kuchangiana. Zina kamati za harusi, vikoba vya kila wiki, rambirambi za msiba. Mchango wa mgonjwa, hata hivyo, huanza akiwa ameshalazwa, na kwa maradhi mazito mara nyingi huwa umechelewa. Nadai hapa kwamba thamani kubwa ya bima nafuu ni kuwahi: inakusanya fedha watu wangali wazima, kwa hiyo inabadili siku ambayo mgonjwa anafika hospitali.

Tangu uchangiaji wa huduma za afya uanze mwaka 1993, asiye na kadi ya bima wala msamaha hulipa hatua kwa hatua: kumwona daktari, kipimo, dawa. Mama wa Chamazi mwenye uvimbe kwenye titi huanzia duka la dawa kwa sababu hapo anajua atatoka na nini. Mpaka apate rufaa ya kwenda Hospitali ya Temeke, kisha taasisi ya saratani ya Ocean Road, friji imeuzwa na mumewe anadaiwa mkopo wa riba kubwa, ule uitwao kausha damu. Kwa mgonjwa wa figo hali ni ngumu zaidi. Damu husafishwa kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na hakuna ukoo wa kipato cha kawaida unaoweza kuchangishana kwa mwendo huo mwaka mzima.

Lakini unafuu wa bei peke yake hautoshi. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya iliuzwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, bei ambayo wazazi wengi waliisifu, na kwa haki. Kwa kuwa kujiunga kulikuwa kwa hiari, wengi walioikimbilia ni wale ambao watoto wao walikuwa tayari wanaumwa. Matumizi yakazidi michango mara kadhaa, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Siwalaumu wazazi hao hata kidogo. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa alifanya alichopaswa kufanya. Kasoro ilikuwa kuwaacha wenye afya nje ya mfuko.

Ndiyo maana naunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wagharimiwe kwa vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi na pombe.

Hata hivyo, ulazima huo utagonga mwamba Temeke na Kinondoni iwapo ada itadaiwa kwa mkupuo. Ile shilingi 50,400 ya Toto Afya Kadi ni chini ya 140 kwa siku, lakini mama lishe hana siku anayoshika 50,400 zisizo na kazi nyingine. Dereva wa bodaboda hupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni. Kikoba hukusanya kila wiki. Ada ifuate mwendo huo, ilipwe kidogo kidogo kwa simu.

Bado kuna suala la nani atambuliwe kuwa hana uwezo. Mpangaji wa chumba kimoja Buza huhama kodi ikimshinda, na jina lake hubaki kwenye daftari la mtaa aliouacha. Orodha ya wasio na uwezo ikiandaliwa mara moja tu, yeye ndiye atakayekosekana, kwa hiyo ihuishwe kila mwaka kwenye mtaa anakolala sasa.