Kinasa Taarifa za Safari ya Meli: Namna Ushahidi Unavyohifadhiwa na Kuopolewa Baada ya Ajali

Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 2015, meli ya mizigo El Faro iliyosajiliwa Marekani ilizama karibu na visiwa vya Bahamas, ikiwa ndani ya kimbunga kilichopewa jina la Joaquin. Watu wote 33 waliokuwamo walipoteza maisha, hivyo hakubaki shahidi wa kueleza yaliyojiri. Hata hivyo, ilipofika Desemba 2016, familia za marehemu na umma kwa jumla waliweza kusoma maneno yaliyotamkwa katika chumba cha kuongozea meli hiyo tangu alfajiri ya siku iliyotangulia hadi dakika ya mwisho. Maneno hayo yalihifadhiwa na kinasa taarifa za safari, kifaa ambacho kazi yake inafanana na ile ya kisanduku cheusi cha ndege.

Kinasa hicho ni takwa la Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS. Kuanzia tarehe 1 Julai 2002, Kanuni ya 20 ya Sura ya Tano ya mkataba huo inazitaka meli za abiria zinazosafiri kimataifa, pamoja na meli nyingine mpya zenye ujazo wa tani 3,000 au zaidi, kuwa na kifaa hicho. Meli za mizigo zilizojengwa kabla ya tarehe hiyo ziliruhusiwa baadaye kufunga kinasa cha aina iliyorahisishwa. El Faro, iliyojengwa mwaka 1975, ilikuwa miongoni mwa hizo.

Kinasa hukusanya kwa mfululizo tarehe na saa, mahali meli ilipo, kasi na uelekeo wake, picha ya rada, kina cha maji, amri zinazotolewa kwa usukani na injini pamoja na namna mitambo hiyo ilivyoitikia, na ving'ora vya tahadhari. Zaidi ya yote hunasa sauti: mazungumzo ya maofisa walio zamu katika chumba cha kuongozea meli na mawasiliano yao ya redio. Wachunguzi huithamini sana sehemu hii ya sauti, kwa kuwa takwimu za rada zinaonyesha meli ilikwenda wapi, ilhali mazungumzo yanaonyesha ni kwa nini ilikwenda huko.

Kwa vinasa vilivyofungwa kuanzia tarehe 1 Julai 2014, viwango vya Shirika la Bahari Duniani, IMO, vinataka taarifa zihifadhiwe mahali patatu. Pa kwanza ni kasha la kinga lililofungwa imara kwenye sitaha ya juu. Pa pili ni kasha linaloelea, ambalo hujifungua lenyewe meli inapozama na kutoa ishara za kuonyesha mahali lilipo kwa siku zisizopungua saba. Makasha hayo mawili yanapaswa kutunza taarifa za saa 48 za mwisho, wakati hifadhi ya tatu, iliyo ndani ya meli, hutunza taarifa za siku 30. Vinasa vya kizazi kilichotangulia vilitakiwa kutunza saa 12 tu.

Kasha la kinga limeundwa kustahimili mambo ambayo binadamu hawezi kuyastahimili. Linapaswa kuvumilia joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na joto la nyuzi 260 kwa saa kumi, pigo kali la mgongano, pamoja na mgandamizo wa maji katika kina cha mita 6,000. Hubeba pia kitoa mlio kinachosikika chini ya maji, ambacho kwa viwango vya sasa kinatakiwa kufanya kazi kwa siku zisizopungua 90. Zamani kilitakiwa kufanya kazi kwa siku 30.

Tofauti hiyo ya siku 30 na 90 inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji aliye nchi kavu, lakini mkasa wa El Faro unaeleza uzito wake. Meli ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, Apache, ilipelekwa eneo la ajali ikikokota chombo cha kusikiliza mlio huo. Mlio haukusikika. Ilibidi watafutaji waikague sakafu ya bahari kwa mitambo ya mawimbi ya sauti, na tarehe 31 Oktoba 2015 mabaki ya meli yakapatikana katika kina cha takribani mita 4,600. Lakini sehemu ya juu ya jengo la kuongozea meli ilikuwa imeng'oka, na mlingoti uliofungwa kinasa haukuonekana. Novemba hiyo msako ulisitishwa bila kinasa kupatikana.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, haikukubali jambo hilo liishie hapo. Mwezi Aprili 2016 msako wa pili ulifanyika kwa kutumia meli ya utafiti Atlantis, kwa ushirikiano na wataalamu wa taasisi ya Woods Hole, na tarehe 26 mwezi huo mlingoti ukaonekana, kinasa kikiwa bado kimeshikamana nao. Kuona, hata hivyo, si kuopoa. Vifaa vilivyokuwapo havikuweza kukitenganisha na chuma kile, ikalazimu Apache irejee mwezi Agosti ikiwa na roboti ya kuzamia inayoongozwa kutoka juu. Kinasa kiliopolewa tarehe 8 Agosti 2016, zaidi ya miezi kumi baada ya meli kuzama.

Ndani yake zilikutwa takribani saa 26 za taarifa. Kuandika mazungumzo hayo hakukuwa kazi nyepesi, kwani upepo na mitetemo ya meli vilifunika sauti, na katika mazungumzo ya simu ya ndani upande mmoja tu ndio uliosikika. Maandishi yaliyochapishwa Desemba 2016 yalikuwa na kurasa zipatazo 500. Kutokana nayo ilifahamika kwamba nahodha aliondoka katika chumba cha kuongozea meli majira ya saa 2 usiku wa tarehe 30 Septemba na kurejea baada ya saa 10 alfajiri. Katika muda huo maofisa wa zamu walimpigia simu zaidi ya mara moja wakimweleza mwenendo wa kimbunga na kupendekeza njia nyingine. Ilifahamika vilevile kwamba nahodha aliegemea taarifa za hali ya hewa zilizokuwa zimepitwa na wakati, ilhali taarifa mpya zaidi zilikuwa zikiingia katika chumba hicho hicho. Rekodi ilikoma saa 1:39 asubuhi. Bila kinasa, hayo yote yangebaki kuwa dhana, na huenda lawama ingeangukia dhoruba peke yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Taarifa za El Faro zilisalimika kwa sababu meli ilizama. Umeme mkuu wa meli unapokatika, kinasa huendelea kurekodi sauti kwa saa mbili kwa nguvu ya betri yake, kisha hujizima, na kile kilichomo hubaki kama kilivyo. Meli iliyopanda mwamba, iliyogonga gati au iliyogongana na chombo kingine bila kuzama huwa katika hali tofauti kabisa. Umeme wake unaendelea, kinasa nacho kinaendelea kurekodi, na kila saa mpya inayorekodiwa inafuta saa ya zamani zaidi. Meli yenye kinasa cha saa 12 ikikwama saa 12 jioni, na asiwepo mtu wa kuchukua hatua, mapambazuko ya siku ya pili yatakuta dakika za kukwama zimeanza kufutika. Kifaa kinachoweza kuvumilia kina cha mita 6,000 hupoteza ushahidi kikiwa juu ya maji, betri zikiwa nzima na mabaharia wakiwa salama pembeni yake.

Kwa sababu hiyo, wajibu wa kwanza wa kuhifadhi ushahidi huwa wa nahodha, wala si wa mchunguzi anayefika siku mbili au tatu baadaye. Kwa vinasa vingi, hatua yenyewe ni kubonyeza kitufe cha kuhifadhi kilichopo katika chumba cha kuongozea meli ili taarifa zilizokwisha kurekodiwa zinakiliwe na kutengwa. Ugumu wake hauko katika kubonyeza. Uko katika mazingira: nahodha anahesabu watu, anazuia maji yasiingie, anajibu redio, anaongea na mwenye meli, na hapo hapo anapaswa kukumbuka kitufe ambacho pengine hajawahi kukigusa. Ndiyo maana kampuni makini huweka hatua hiyo katika orodha ya mambo ya kufanya wakati wa dharura, ikiwa na jina la ofisa anayehusika, na kuifanyia mazoezi kama zinavyofanya kwa moto na maboya. Baada ya kuhifadhi, ni muhimu pia kuthibitisha kwamba nakala ipo kweli na inasomeka.

SOLAS inataka kinasa kikaguliwe kila mwaka na mtaalamu aliyeidhinishwa. Ukaguzi huo ni wa lazima, lakini hautoshi wenyewe. Kipaza sauti kilichofungwa karibu na feni kinaweza kufaulu ukaguzi na bado kikanasa mvumo badala ya maneno.

Kinasa kilichoopolewa majini nacho kina taratibu zake. Hakifunguliwi melini wala hakikaushwi juani. Kwa kawaida huwekwa ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi hadi kifikishwe maabara, kwa kuwa chumvi ikikutana na hewa huharakisha kutu kwenye sehemu za ndani. Kila anayekipokea huandikwa, ili baadaye pasizuke shaka juu ya nani alikigusa.

Swali la nani mmiliki wa taarifa hizo lilijibiwa na IMO katika waraka wa mwaka 2002. Kinasa na taarifa zake ni mali ya mwenye meli wakati wote. Hata hivyo, ajali inapotokea, mchunguzi ndiye hushika taarifa za asili katika kipindi chote cha uchunguzi, na mwenye meli hupewa nakala. Kanuni za Kimataifa za Uchunguzi wa Ajali za Majini, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2010, zinaelekeza kwamba lengo la uchunguzi wa usalama ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama, na zinazipa ulinzi sauti zilizorekodiwa. Nchini Marekani sheria hairuhusu NTSB kutoa sauti zenyewe hadharani, na katika mkasa wa El Faro yalitolewa maandishi tu. Ulinzi huo una sababu. Baharia anayehofia kwamba maneno yake ya mwisho yatachezwa redioni atajifunza kunyamaza, na ukimya huo utaigharimu safari inayofuata.

Kinasa hakijibu kila kitu. Meli Dali ilipogonga daraja la Francis Scott Key mjini Baltimore tarehe 26 Machi 2024, ajali iliyoua wafanyakazi sita waliokuwa wakikarabati barabara, umeme wa meli ulikatika kabla ya mgongano. Kwa takribani dakika moja kinasa kiliacha kupokea taarifa za mitambo, ingawa sauti iliendelea kunaswa kwa nguvu ya akiba. Wachunguzi walilazimika kuunganisha sauti hiyo na vyanzo vingine.

Kwa Tanzania, suala hili si la mbali. Meli kubwa zinazotia nanga Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar zinabeba vinasa hivyo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizo katika makubaliano ya Bahari ya Hindi ya ukaguzi wa meli za kigeni bandarini. Kwa upande mwingine, takwa la SOLAS linahusu safari za kimataifa. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, kanuni hiyo haikuwa imeanza kutumika popote duniani, na MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba kutoka Unguja, ilikuwa katika safari ya ndani ya nchi. Vyombo vya safari za ndani huongozwa na sheria za nchi husika.

Wavuvi wa pwani wanaguswa kwa namna mbili. Meli kubwa inaweza kugonga ngalawa au mashua usiku na kuendelea na safari, pengine bila walio zamu kutambua. Taarifa ya tukio la namna hiyo ikifika mapema kwenye mamlaka, ikiwa na saa na mahali, rekodi za meli zilizopita eneo hilo huweza kuombwa kabla hazijafutika. Ikichelewa kwa wiki kadhaa, hata ile hifadhi ya siku 30 huwa imepita.

Namna ya pili ni kwamba kasha linaloelea linaweza kusukumwa na mkondo hadi ufukweni au kunaswa na nyavu. Huwa na rangi inayoonekana kwa urahisi na maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba ni kinasa taarifa za safari, kisifunguliwe, na mamlaka zijulishwe. Anayelikuta hapaswi kulifungua, kulipasua wala kuliuza kama chuma chakavu. Aandike mahali na saa alipolikuta, kisha atoe taarifa kwa Polisi Wanamaji, ofisi ya bandari iliyo karibu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kwa upande wa Tanzania Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar.